NGOZI YA MACHO IKILEGEA: JE, TUKAPASULIWE?

Na Mganga Msaidizi, Chekereni



Chukua kioo kidogo, kile cha kunyolea. Kaa penye mwanga. Tazama macho yako. Juu ya jicho kuna ngozi inayopanda na kushuka. Chini ya jicho kuna nyingine. Ngozi hizo huitwa kope, na moja ni ukope. Lakini vile vinywele vya ukingoni navyo watu huviita kope. Ili tusichanganyikiwe, katika makala hii ukope ni ngozi. Vinywele tutaviita nywele za kope.

Kwa nini leo tunazungumza juu ya kope? Siku hizi wananchi wengi wa Chekereni wana simu. Katika simu wanaona picha za watu waliopasuliwa kope. Picha ya kwanza inaonyesha mtu mwenye mifuko chini ya macho, na uso wake una uchovu. Picha ya pili inamwonyesha mtu yule yule, na uso wake umekuwa kama wa kijana. Watoto wetu walioko Dar es Salaam na Arusha nao huwapigia wazazi simu: "Mama, nitakulipia uondolewe hiyo mifuko." Mama anakuja kuuliza kama jambo hilo ni la kweli, na kama ni salama.

Swali hilo si la kuchekwa. Mtu ana haki ya kupenda sura yake, hata kama ana miaka 60 na kazi yake ni kupandikiza mpunga.

Mimi nina cheti cha uganga msaidizi. Sipasui macho. Lakini ninaweza kukueleza mambo ya kujua kabla hujakubali kisu. Kubwa kuliko yote ni hili: ukope hubadilika kwa sababu nyingi. Sababu nyingine ni umri tu. Nyingine ni ugonjwa, na kisu cha urembo hakiponyi ugonjwa.

KWA NINI UKOPE HULEGEA

Ngozi ya ukope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili. Unene wake haufiki milimita moja. Nyuma yake kuna msuli wa kufunga jicho. Nyuma ya msuli kuna utando, na nyuma ya utando kuna mafuta. Mafuta hayo si uchafu. Ni kama godoro la jicho. Jicho limelala juu yake ili lisiumie ndani ya mfupa.

Miaka ikipita, ngozi hulegea na ule utando huchoka. Mafuta yanasukuma kwa mbele. Fikiria gunia la mpunga lililotumika misimu mingi. Mpunga ni ule ule, haukuongezeka, lakini gunia linatokeza tumbo. Mifuko mingi ya chini ya macho ni hivyo. Ukope wa juu nao hulegea, ukaning'inia juu ya nywele za kope.

Wengine huanza mapema, hata wakiwa na miaka 30. Tazama baba yao au mama yao, utaona mifuko ile ile. Ni urithi. Jua kali huongeza, na kusugua macho huongeza. Chumvi nyingi ya usiku huvimbisha kope asubuhi, kisha zinapungua mchana.

Kuna pia weusi wa chini ya macho. Huu si mfuko. Kwa watu wengi ni rangi ya kuzaliwa. Kwa wengine hutokana na kusugua macho yanayowasha. Kukosa usingizi huufanya uonekane zaidi. Hapa kwetu mkulima anasubiri zamu ya maji saa nane za usiku, na alfajiri anatakiwa kuwa shambani kuwinga ndege. Kama huo ndio msimu wako, usihukumu sura yako sasa. Subiri mpunga uvunwe, ulale wiki mbili, kisha chukua kioo tena.

Kumbuka jambo hili la weusi, kwa sababu watu hulipa fedha nyingi kwa kutolijua. Kisu hukata ngozi na kuondoa mafuta. Hakiondoi rangi.

KUVIMBA AMBAKO SI UZEE

Hapa nitakaa kidogo.

Mfuko wa umri huja polepole, kwa miaka, na huwa macho yote mawili. Hauumi. Hauwashi. Ukiona kitu tofauti na hicho, usiende kwa mpasuaji wa urembo. Njoo zahanati.

Uso ukivimba kila asubuhi, na miguu nayo ikivimba, au mkojo ukitoa povu jingi, huenda figo zimeharibika. Tutapima mkojo na presha. Mtoto mdogo akivimba uso na miguu, tunafikiri figo, na tunafikiri pia utapiamlo.

Mama mjamzito akivimba uso na mikono ghafla, akaumwa kichwa sana au akaona maruweruwe, huyo asingoje kesho. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Watu humwambia, "Ni mimba tu, uso umejaa." Maneno hayo yamekwisha kuwapoteza akina mama. Mlete saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Macho yakitokeza nje, kope za juu zikivutwa juu kama mtu aliyeshtuka, moyo ukienda mbio na mwili ukikonda, huenda ni ugonjwa wa tezi ya shingo.

Ukope mmoja ukianguka ghafla, hasa pamoja na kichwa kuuma sana, au kuona vitu viwili viwili, au mdomo kwenda upande, hilo ni jambo la hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Ukope unaokuwa mzima asubuhi na kuanguka jioni pia una ugonjwa wake, ugonjwa wa misuli kuchoka, na una dawa.

Kipele chenye maumivu ukingoni mwa ukope ni chokea. Kanda kwa kitambaa safi cha maji ya vuguvugu mara nne kwa siku, kitapona. Usikibinye. Lakini uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki nyingi kionyeshwe, maana saratani nayo huota penye ukope.

Sasa mtoto. Kuna watoto wanaozaliwa na ukope mmoja umelala. Bibi husema, "Ni sura ya ukoo, ataacha akikua." Pengine ukope ule umefunika mboni. Jicho ni zima, lakini halipati mwanga. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya kwanza, mpaka kama miaka saba au minane. Jicho lililofungwa miaka hiyo haliji kuona vizuri tena, hata ukope ukiinuliwa baadaye. Kwa hiyo kama kuna fedha moja nyumbani, na mama ana mifuko ya macho, na mjukuu ana ukope uliofunika mboni, fedha hiyo ni ya mjukuu. Mpelekeni akapimwe sasa.

UPASUAJI WA KOPE UNAOJULIKANA TANZANIA

Watu wengine wakisikia "kupasuliwa kope" wanafikiri ni mambo ya mjini tu. Siyo. Maelfu ya Watanzania wa vijijini wamepasuliwa kope, wengi wao wanawake. Hawakutaka urembo. Walitaka wasipofuke.

Ugonjwa wao ni trakoma, ambao wengi tunauita vikope. Vijidudu vyake huenezwa kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi. Mtoto akiugua mara nyingi, ndani ya ukope wa juu hubaki makovu. Akiwa mtu mzima makovu yanavuta. Ukingo wa ukope unageukia ndani, na nywele za kope zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Mama hununua kibano na kuzing'oa, nazo zinaota tena, fupi na kali zaidi. Mwisho kioo kinakuwa cheupe.

Upasuaji wake huitwa kusawazisha kope. Mgonjwa anapigwa sindano ya ganzi, ukope unakatwa na kugeuzwa ili nywele zitazame nje. Hufanywa na wauguzi na matabibu waliofundishwa kazi hiyo, na katika kampeni za wilaya zenye ugonjwa hutolewa bure.

Mkoa wetu una habari yake katika jambo hili. Mwaka 2000, katika kitongoji cha Kahe Mpya, wilaya ya Rombo, karibu wakazi wote walipewa dawa ya trakoma, watu 956 kati ya 978. Wengi wao walimeza azithromycin mara moja tu. Kabla ya dawa, karibu watu 10 katika kila 100 walikuwa na vijidudu machoni. Baada ya miaka miwili alikuwa amebaki kama mtu mmoja katika kila 1000. Katika wilaya za wafugaji kama Longido na Ngorongoro kazi ya kupambana na trakoma imechukua miaka mingi zaidi.

Kwa hiyo, kama macho yako yanachoma, yanatoa machozi, na unahisi kama kuna mchanga, usiseme ni uzee. Njoo tukigeuze ukope tuone nywele zinaelekea wapi.

KISU CHA UREMBO HUFANYA NINI

Kazi hii si ngeni duniani. Miaka 1000 iliyopita mganga Mwarabu wa Hispania, Al-Zahrawi, aliandika namna ya kutibu ukope uliolegea. Kule Japani, nchi iliyosaidia kujenga mifereji yetu ya Moshi Chini, daktari Mikamo alieleza mwaka 1896 namna ya kutia nyuzi ukope wa juu ili uwe na mkunjo. Leo ni moja ya operesheni za urembo zinazofanywa sana duniani.

Kwa ukope wa juu, daktari huchora mstari penye mkunjo. Anapiga ganzi. Anakata kipande chembamba cha ngozi iliyozidi, pengine na mafuta kidogo, kisha anashona. Kovu linajificha ndani ya mkunjo. Kwa ukope wa chini, anakata chini kidogo ya nywele za kope, au anapita ndani ya ukope ili kovu lisionekane, halafu anapunguza mafuta au kuyapanga upya. Kazi ya ukope wa chini ni ngumu zaidi.

Nyuzi hutolewa baada ya siku tano hadi saba. Uso unavimba na kuwa na alama za damu kama wiki mbili. Sura yenyewe hutulia baada ya miezi. Na haitulii milele, kwa maana ngozi inaendelea kuzeeka.

Je, kuna hatari? Ipo. Ngozi ikikatwa nyingi mno, jicho halifungi vizuri. Mtu analala jicho liko wazi, kioo kinakauka na kupata vidonda. Ukope wa chini unaweza kuvutwa chini ukageuka nje, machozi yakawa yanamwagika shavuni. Jicho moja linaweza kuwa tofauti na jingine. Mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho, ikaubana mshipa wa kuona, na jicho likapofuka. Ndiyo sababu mtu aliyepasuliwa, akiona maumivu yanazidi, jicho linatokeza, au mwanga unafifia, arudi hospitali saa hiyo hiyo. Hilo ni jambo la saa, si la siku.

Mwenye presha isiyotulia au kisukari kisichotulia asubiri kwanza. Anayekunywa aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda amwambie daktari, wala asiziache mwenyewe bila kuambiwa. Mwenye macho makavu naye aseme.

NJIA NYINGINE

Kwa mifuko ya asubuhi: punguza chumvi, inua kichwa kidogo unapolala, weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika kumi. Uvimbe wa maji utapungua. Mfuko wa mafuta hautapungua kwa njia hiyo. Haupungui kwa krimu pia, hata maandishi ya kichupa yakisema unapungua.

Kwa macho yanayowasha, acha kusugua na uje upate dawa ya aleji. Shambani vaa kofia pana. Jikoni toboa dirisha moshi utoke.

Mkorogo usiukaribishe machoni. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini bado vinauzwa kwa siri. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi kwanza ing'ae, na wengi hufurahi. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba zaidi, mishipa inaonekana, na weusi unarudi. Mbaya zaidi, zikitumiwa muda mrefu karibu na jicho, zinaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Mtu alitaka macho mazuri, akayapoteza.

Huko mijini kuna sindano za kujaza shimo la chini ya jicho. Zikipigwa na daktari anayejua, husaidia wengine kwa miezi kadhaa. Lakini mishipa ya damu ya hapo inaungana na ya jicho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa, jicho linaweza kupofuka papo hapo. Kuna watu wanaopiga sindano hizi saluni, kwenye kiti kile kile cha kusukia nywele. Mimi mtu huyo singempa hata kidole changu. Mwanga wa leza nao, ukitumiwa vibaya kwa ngozi nyeusi kama zetu, huacha madoa.

KAMA BADO UNATAKA

Kwanza ujipime nyumbani. Tazama mbele bila kuinua nyusi. Mwambie mtu akutazame: je, ngozi ya juu imefika kwenye mboni? Sasa inua ngozi hiyo kwa kidole. Kama unaona mengi zaidi upande wa juu, matawi ya mti au paa la nyumba ambalo hukuliona, basi ngozi inakuzuia kuona. Huo si urembo tena. Ni matibabu. Omba barua ya rufaa ukapimwe na daktari wa macho. Kwetu Moshi kuna hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo ina idara ya macho.

Kama unaona vizuri na ni sura tu, ni urembo. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila kule Dar es Salaam, ilianza kutoa upasuaji wa urembo, kwa hiyo huna haja ya kujificha kwa mtu wa uchochoroni. Lakini urembo hulipiwa kwa fedha za mfukoni. Bima ya afya haitalipa.

Muulize daktari bila woga. Je, umesajiliwa na Baraza la Madaktari? Umepasua kope za watu wangapi? Bei hiyo ina dawa, vipimo na siku za kurudi? Jicho likiharibika usiku nitampigia nani? Mwambie aandike bei yote. Kama hujui kusoma haraka, nenda na kijana anayejua, asome taratibu wewe ukisikia. Karatasi ya kukubali upasuaji usiiwekee dole gumba kabla haijasomwa yote. Daktari mwema hakasiriki akiulizwa. Tena daktari mwema wakati mwingine atakuambia, "Mama, rudi nyumbani, huhitaji." Huyo msikilize.

Jiulize na wewe mwenyewe: anayetaka ni nani? Kama ni wewe, vizuri. Kama ni mwanao anayeona haya kwa picha za harusi, zungumzeni kwanza.

Halafu chagua msimu. Usipasuliwe wakati wa kupandikiza. Kwa wiki mbili hutakiwi kuinama sana, kubeba mizigo wala kupiga jembe, na maji ya jaruba yasikuguse machoni. Bora baada ya mavuno, gunia likiwa limeshauzwa na deni la mbolea limelipwa. Panga pa kulala mjini mpaka siku ya kutolewa nyuzi. Kama huna ndugu mjini, muulize daktari kama nyuzi zinaweza kutolewa zahanati. Akikubali, akupe barua yenye tarehe, uje nayo.